Mgonjwa Asiyesema

Mgonjwa wa kibinadamu ana mashahidi wawili wa maradhi yake. Wa kwanza ni mwili wake, ambao tabibu huweza kuupima, kuupapasa na kuupiga picha. Wa pili ni ulimi wake, ambao huweza kusema panauma wapi, tangu lini, na kama dawa ya jana imefaa au haikufaa. Mnyama hana shahidi huyu wa pili. Akiumwa hawezi kushtaki, akipata nafuu hawezi kushukuru, na akipewa dawa asiyoitaka hawezi kuomba aachwe. Kila linalosemwa juu ya maumivu yake husemwa na mtu mwingine, na mtu huyo aghalabu ni yule ampendaye au yule auzaye dawa. Katika hali kama hii huruma hupata kazi ngumu kuliko ile iliyoizoea. Insha hii yataka kuitazama kazi hiyo katika jambo moja la wakati wetu, yaani tiba ya seli shina kwa mbwa wenye maradhi ya viungo. Jambo laweza kuonekana dogo kwa kuwa mgonjwa wake ni mbwa. Lakini swali lililo ndani yake si dogo, kwa sababu lauliza mtu awiwa nini na kiumbe asiyeweza kumdai, na tena ajuaje kwamba deni amelilipa.

Yafaa kwanza maradhi yenyewe yajulikane. Ncha ya mfupa, pale unapokutana na mfupa mwingine, imevikwa gegedu, kitu laini chenye utelezi kinachoiwezesha mifupa miwili kupitana bila ya kusagana. Gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Kwa hiyo haliumi linapoanza kulika, na kwa sababu ile ile ya umaskini wake wa damu haliponi likishalika. Mwaka 1743 tabibu William Hunter aliwaeleza wanachuoni wa London kwamba gegedu likiharibika halirudi kuwa kama lilivyokuwa, na muda wa karibu karne tatu uliopita tangu hapo haujamkanusha sana. Gegedu likichakaa, utando wa kiungo huvimba, ute unaokilainisha hupoteza uzito wake, na mifupa huota vinundu pembezoni. Haya ndiyo yaitwayo baridi yabisi. Mbwa aliyepatwa nayo huamka kwa taabu asubuhi, husita mbele ya ngazi, huchechemea, hukonda mapaja, na pengine humkoromea mtoto aliyekuwa akicheza naye zamani. Hesabu inayotajwa mara nyingi huko Marekani ni kwamba katika kila mbwa watano waliovuka umri wa mwaka mmoja, mmoja ana maradhi haya kwa kadiri fulani.

Uzee si chanzo cha pekee. Mara nyingi asili ya maradhi ni nyonga isiyokaa barabara katika tundu lake, au kiwiko kisichokua sawa, au ukano wa goti uliokatika. Kasoro ya nyonga kwa mbwa ilielezwa na Gerry Schnelle nchini Marekani mwaka 1935. Mwaka 1966 ikaanzishwa katika nchi hiyo hiyo Orthopedic Foundation for Animals, ambayo hukusanya picha za nyonga za mbwa wa kila nasaba na kuziandika katika daftari. Msomaji akilifungua daftari hilo ataona jambo la kuhuzunisha: katika bulldog wa Kiingereza waliopimwa, zaidi ya theluthi mbili wana nyonga zenye kasoro. Ugonjwa unaoshika theluthi mbili za ukoo hauwezi tena kuitwa bahati mbaya. Una mtengenezaji, na baadaye tutamtafuta.

Sasa tuitazame tiba. Seli nyingi za mwili zimekwisha kuchagua kazi: seli ya ini hufanya kazi ya ini, na seli ya ngozi kazi ya ngozi. Seli shina ni ile isiyochagua bado. Huweza kujizidisha, na huweza kuzaa seli zenye kazi mbalimbali. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, wachunguzi wa Toronto nchini Kanada, walionyesha dalili za seli za namna hii katika uboho wa panya, seli ambazo huzaa damu. Katika miaka iliyofuata Alexander Friedenstein, mchunguzi wa Moscow, alionyesha kwamba uboho una pia seli nyingine zinazoweza kujenga mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Marekani alizipa seli za jamii hii jina la seli shina za mesenkaima, na mwaka 2001 wataalamu wa nchi hiyo hiyo wakatangaza kwamba seli za namna hii hupatikana hata katika mafuta ya mwili, ambayo watu wengi huyatupa kwa furaha. Haukupita muda mrefu, tiba ikaanza kuuzwa California, kwanza kwa farasi wa mashindano, kisha kwa mbwa.

Njia yake si ngumu kueleza. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, tabibu akakata kipande cha mafuta chini ya ngozi au tumboni; mafuta hayo hutenganishwa mpaka seli zinazotakiwa zipatikane, na pengine hulelewa katika chombo mpaka ziwe nyingi; kisha huingizwa kwa sindano ndani ya kiungo kinachouma. Namna nyingine hutumia seli za mnyama mwingine. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikubali kuuzwa kwa dawa ya mbwa ambayo seli zake hutoka katika kitovu cha farasi. Gharama ya tiba ya namna ya kwanza nchini Marekani mara nyingi hufika dola 2000 au huzipita. Basi hapa tunaye mbwa mzee, sindano ya thamani, na mtu aliyesimama kati yao akifikiri lipi la haki.

Swali la kwanza ambalo watu wengi huuliza ni hili: je, mbwa astahili haya? Wanafalsafa hawakulijibu kwa sauti moja. Descartes, katika karne ya 17, aliwafananisha hayawani na mitambo kama saa, na mtu akiamini hivyo, kilio cha mbwa ni mlio wa gurudumu lisilotiwa mafuta. Kant, alipokuwa akifundisha maadili mjini Königsberg karne moja baadaye, alitumia mfano ulio karibu sana na jambo letu: mbwa mzee aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu mpaka nguvu zikamwisha. Alifundisha kwamba bwana yampasa amtunze mbwa huyo mpaka afe, na kwamba akimpiga risasi kwa kuwa hana kazi tena ametenda jambo baya. Lakini ubaya wenyewe hakuuona kuwa umemfikia mbwa. Aliuona kuwa umeuharibu utu wa bwana, maana anayezoea ukatili kwa mnyama hujifunza ukatili kwa watu. Bentham naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, aliliondoa swali katika akili na ulimi wa mnyama akaliweka katika uwezo wake wa kuumia.

Katika watu hawa watatu, Descartes haaminiki tena. Mtu yeyote aliyeishi na mbwa, na mwanachuoni yeyote aliyeichunguza mishipa yake ya fahamu, ajua kwamba kinachoumwa hapo si saa. Kant ametupa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ukatili humwoza mkatili; lakini ukatili usingemwoza kama usingekuwa ukatili, na hauwezi kuwa ukatili kama hakuna anayeumizwa. Kupasua jiwe hakumfanyi mtu kuwa mkatili hata akipasua mawe elfu. Kwa hiyo ubaya unaorudi kwa bwana lazima uwe umepitia kwanza kwa mbwa. Nusu ya pili ya ukweli ni ile ya Bentham, na nusu mbili zikiungana twapata neno zima: mbwa mwenye maumivu ana dai, hata kama hajui kwamba anadai.

Dai hili si la huruma peke yake. Hapa ndipo pa kumtafuta yule mtengenezaji wa maradhi. Mbwa ameishi na mwanadamu kwa zaidi ya miaka 15,000, lakini nasaba nyingi tuzijuazo leo ziliumbwa katika muda mfupi tu. Maonyesho ya mbwa yalianza Newcastle nchini Uingereza mwaka 1859, chama cha Kennel Club kikaundwa London mwaka 1873, na German shepherd akaanza kuwekewa kanuni zake mwaka 1899. Watu walichagua mbwa kwa mgongo, kwa kichwa, kwa rangi, kwa urefu wa pua, wakamzalisha ndugu na ndugu ili sura ipendwayo isipotee. Nyonga haikuonekana katika uwanja wa maonyesho, na kwa kuwa haikuonekana haikuhesabiwa. Mbwa hakuchagua kuzaliwa mzito wa kifua na dhaifu wa nyonga. Alichaguliwa. Sasa, tofauti ya ihsani na haki ni hii: ihsani ni kumsaidia aliyeanguka, na haki ni kumsaidia uliyemwangusha. Mtu mmoja mwenye mbwa mmoja hakuitengeneza nasaba nzima. Walakini alipomnunua kwa sura ile alilipa fungu lake la ujira wa watengenezaji. Deni lipo, nalo limegawanyika kwa wengi.

Hapo atasimama mtu mwenye pingamizi, na pingamizi lake lastahili heshima. Atasema: dola 2000 ni fedha nyingi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao watoto. Yajulikana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Fedha za kiungo kimoja cha mbwa mmoja zingetosha kuchanja mbwa wengi sana, na kuwaokoa pamoja na watoto wanaocheza nao. Basi huruma inayompita mtoto wa mbali ili imfikie mbwa wa nyumbani ni huruma gani?

Jibu jepesi ni kusema kwamba mwenye mbwa asingezipeleka fedha hizo kwenye chanjo. Angenunua gari jipya au zulia. Jibu hili ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu kosa moja halifutwi na kosa jingine. Jibu lililo bora ni kutenganisha mambo mawili. Kuna wajibu tulio nao kwa kila aumwaye, na kuna wajibu tulio nao kwa yule tuliyemchukua mikononi mwetu. Mzazi hamnyimi mwanawe dawa kwa sababu watoto wa mitaa mingine hawana. Wala hasemi kwamba mwanawe ni bora kuliko wao. Amemchukua, naye hana mlinzi mwingine. Mbwa si mwana, lakini amechukuliwa. Hawezi kwenda kuomba dawa nyumba ya pili. Pingamizi hili, basi, haliondoi wajibu wa kumtunza mbwa. Linalofanya, nalo ni jambo kubwa, ni kuuwekea wajibu huo mpaka. Latuambia kwamba mtu hawiwi na mbwa wake kila kitu kinachoweza kununuliwa. Awiwa kumwondolea maumivu kwa njia anayoiweza na inayofaa. Maskini asiyeweza kununua sindano hajamdhulumu mbwa wake, wala tajiri anayeinunua hajawa mwema kwa sababu ya bei. Na neno hilo, inayofaa, latuvuta mpaka kwenye swali zito kuliko yote.

Tiba hii yafaa? Mwaka 2007 wachunguzi wa Marekani walitangaza habari za mbwa 21 wenye ugonjwa wa nyonga, ambao baadhi walipewa seli na wengine hawakupewa, na watazamaji hawakuambiwa nani amepewa. Waliopewa walionekana kutembea vizuri zaidi. Mwaka 2016 ukatangazwa uchunguzi mkubwa zaidi wa mbwa 74. Baadhi walipigwa sindano ya seli za mbwa wengine, na baadhi sindano isiyo na seli hata moja. Wenye mbwa na matabibu waliowapima hawakujua. Katika kila mbwa 100 waliopewa seli, wenyewe walisema kwamba kama 79 wamepata nafuu. Hii ni habari njema. Lakini katika kila mbwa 100 waliopewa sindano tupu, wenyewe walisema kwamba kama 55 wamepata nafuu.

Msomaji na asimame kidogo juu ya hesabu hii. Tofauti ya 79 na 55 si ndogo, na haielekei kuwa ya bahati tu. Yawezekana kabisa kwamba seli zilifanya kazi. Walakini hesabu yasema pia kwamba katika kila watu 79 waliofurahi kwa sababu ya seli, labda 55 wangalifurahi bila ya seli. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walilipima jambo hili lenyewe. Waliwatazama mbwa 58 wenye kuchechemea ambao walikuwa wamepewa dawa bandia katika uchunguzi mwingine, wakalinganisha maneno ya watu na bamba lililowekwa sakafuni ambalo hupima nguvu ambayo mguu wa mbwa waukanyagia ardhi. Bamba halina mapenzi na mbwa. Wenye mbwa waliona nafuu isiyokuwapo kwa kiasi cha 57 katika 100, na matabibu wenyewe, watu wenye elimu na mazoea, kwa kiasi cha 40 hadi 45.

Watu hawa si waongo. Mwongo ajua ukweli akauficha. Hawa hawakuujua, na kilichowazuia wasiujue ni mapenzi. Mtu aliyemwona mbwa wake akiteseka mwaka mzima, akalipa, akangoja, hutazama kwa macho yanayoomba. Maradhi ya viungo nayo yana kupanda na kushuka. Mbwa huletwa kwa tabibu siku zake zikiwa mbaya kabisa, na baada ya siku mbaya kabisa zile zinazofuata aghalabu huwa afadhali hata kama hakuna aliyefanya lolote. Tena mbwa mwenyewe humsaidia bwana wake kudanganyika, maana huchangamka akiona bwana amechangamka, naye huyaficha maumivu yake mbele ya furaha. Hivyo tumaini la bwana hujibiwa na mkia wa mbwa, na mkia wa mbwa huchukuliwa kuwa ushahidi wa dawa.

Yupo atakayesema: kuna ubaya gani? Bwana amefarijika, mbwa amepata mapenzi zaidi, na tabibu amepata riziki. Furaha imeongezeka duniani, na hakuna aliyedhurika. Kwa mgonjwa wa kibinadamu hoja hii ina nguvu fulani, kwa kuwa mtu aliyepewa dawa tupu akaona nafuu, nafuu hiyo anayo yeye mwenyewe. Maumivu yake yamepungua kweli katika nafsi yake. Kwa mbwa mambo yamegeuka. Dawa tupu imemwingia mbwa, lakini nafuu imemwingia bwana. Mmoja anaumwa na mwingine anapoa. Mbwa angali na nyonga ile ile, ila sasa ana bwana aliyeacha kutafuta, aliyepunguza vidonge vya maumivu kwa kudhani havihitajiki tena, na anayemwita mbio uwanjani kwa sababu aamini kwamba amepona. Hakuna upweke kama wa kiumbe anayeumwa kati ya watu wanaosherehekea kupona kwake.

Katika mapokeo ya Kiislamu kuna kisa kinachojulikana sana katika pwani yetu, cha msafiri aliyeshuka kisimani kwa kiu, akanywa, na alipotoka akamwona mbwa akilamba udongo wenye unyevu. Akatambua kwamba mbwa amefikwa na kiu ile ile iliyomfika yeye, akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa. Kisa hiki husimuliwa kuwa fundisho la huruma, na ni haki. Lakini kina fundisho jingine. Msafiri aliijua kiu ya mbwa kwa kiu yake mwenyewe, akampa kitu ambacho alikuwa amekwisha kukijua kwamba chaondoa kiu, na akamwona akinywa. Huruma yake ilikuwa na ujuzi mwanzoni na ushahidi mwishoni. Kama angalijaza kiatu kitu kinachong'aa kama maji, akaondoka akiwa na moyo mwepesi bila ya kutazama kama mbwa amekata kiu, tungalisita kumsifu.

Kwa hiyo wajibu wa ukweli hauwi mdogo kwa sababu mgonjwa ni mnyama. Huwa mkubwa zaidi. Asiyeweza kututoa kosani ndiye anayestahili tujikague kwa ukali. Wajibu huu wamhusu kwanza auzaye. Jina la seli shina lina ahadi ndani yake: msikiaji hudhani kwamba seli hizo zitageuka kuwa gegedu jipya, kama shina linavyochipua tawi. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha zaidi kwamba seli zinazoingizwa katika kiungo hazikai sana, na kwamba kazi yake, pale inapoonekana, ni kutoa vitu vinavyotuliza uvimbe na maumivu. Arnold Caplan mwenyewe, aliyezipa jina, aliandika mwaka 2017 kwamba jina hilo libadilishwe kwa kuwa linapotosha watu. Ni mfano mzuri wa mwanachuoni aliyelipenda neno lake kuliko vyote, akalipenda ukweli zaidi ya neno lake. Tiba inayotuliza uvimbe kwa miezi kadhaa si kitu cha kudharau. Lakini anayeiuza kama shina la ujana mpya amempunja mnunuzi, na kwa mkono wa mnunuzi amempunja mbwa. Serikali zimeanza kulitambua hili. Mwaka 2015 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza kwamba bidhaa za seli kwa wanyama huhesabiwa kuwa dawa, na Umoja wa Ulaya ulikubali dawa ya kwanza ya namna hii, kwa farasi, mwaka 2019. Sheria haimfanyi mtu mwema, ila yaweza kumlazimisha aonyeshe mizani yake.

Wajibu wamhusu pia anunuaye, na hapa ndipo huruma hujaribiwa kwa jambo lisilo na fahari. Mwaka 1987 kampuni ya chakula cha mbwa, Purina, ilianza kuwafuatilia Labrador 48, jozi 24 za ndugu wa uzao mmoja. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, maisha yake yote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na umri ambao nusu yao walihitaji tiba ya kudumu ya viungo ulisogea mbele kwa muda wa kama miaka mitatu. Sindano haikuwamo katika jambo hili, wala seli, wala kisu. Ilikuwa bakuli isiyojazwa.

Kwa nini basi watu wengi walio tayari kulipa dola 2000 hawako tayari kupunguza robo ya bakuli? Sababu ni kwamba bakuli huonekana na sindano huonekana, lakini kwa namna mbili. Anayetoa sindano hujiona akitenda wema; anayepunguza chakula hujiona akinyima. Mbwa humtazama kwa macho ya kuomba, na bwana hushindwa na macho hayo, kisha miaka kumi baadaye hulipa kwa machozi kile alichoshindwa kukilipa kwa uthabiti. Kadhalika mzalishaji anayekataa kumzalisha mbwa mzuri wa sura kwa kuwa picha ya nyonga yake ni mbaya hapigiwi makofi na mtu. Watoto aliowaepusha na maumivu hawakuzaliwa, hawana jina, na hawatakuja kumshukuru. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Hawakuongeza kwamba mjenga ukuta husifiwa na mziba ufa husahauliwa. Huruma ya kweli yaweza kukaa bila ya sifa. Ile isiyoweza kukaa bila ya sifa yajitafutia kitu chake yenyewe.

Yasidhaniwe kwamba maneno haya yataka tiba mpya ikataliwe. Kama kila dawa yenye shaka ingalikataliwa mwanzoni, hata zile tusizo na shaka nazo leo zisingalikuwapo. Mbwa wenye maradhi ya viungo wapo sasa, hawawezi kungoja mpaka nasaba zitengenezwe upya, na mtu aliyekwisha kupunguza uzito wa mbwa wake, akampa dawa za maumivu, akamfanyisha mwendo wa kiasi, na bado amwona akiteseka, ana haki ya kujaribu sindano hii kama aimudu. Lakini na ajaribu kama mtu apimaye. Na aandike kabla ya tiba mbwa apanda ngazi ngapi, alala saa ngapi, ainuka kwa muda gani; na amwombe mtu asiyempenda mbwa huyo sana, wala asiyeuza dawa hiyo, amtazame baada ya miezi. Na awe tayari kuambiwa kwamba haikufaa. Kuwa tayari kuambiwa hivyo ni sehemu ya tiba, kwa sababu siku ile bwana atakapokubali kwamba dawa imeshindwa ndiyo siku mbwa atakaporudishiwa haki yake ya kutafutiwa dawa nyingine, au, kama zote zimekwisha, ya kupumzishwa. Kuna watu ambao huongeza tiba juu ya tiba kwa kuwa hawawezi kustahimili nyumba isiyo na mbwa. Huzuni yao ni ya kweli, lakini haipasi kubebwa na viungo vya mwingine.

Mtu hupimwa kwa namna nyingi na watu wenzake, ambao waweza kusema, kudai, kusifu na kulaumu. Mbele ya mnyama hana mpimaji ila nafsi yake. Akimtenda mema, hakuna atakayetoa ushahidi. Akijidanganya, hakuna atakayemkanusha. Kwa sababu hiyo mbwa mzee anayejaribu kuinuka asubuhi huuliza, bila ya kusema neno, swali ambalo maadili yote hatimaye huja kuliuliza: wema wako ni kwa ajili ya nani? Anayetaka kulijibu swali hilo kwa unyofu hana budi aufuate mguu wa mbwa kwa macho, auone ukikanyaga ardhi, na ausadiki mguu kuliko moyo wake.